Stesheni ya Kijijini Juu ya Mbao Mbili: Kusanifu Reli ya Mfano ya Geji ya Mita

Wengi wanaoanza kusanifu reli ya mfano hukosea kwa kujaza. Ubao una urefu wa hatua mbili, na tayari wameuwekea daraja, handaki, soko na laini sita. Stesheni ndogo ya Reli ya Kati ya Tanzania, mathalan zile za kati ya Tabora na Kaliua, haina vitu hivyo. Ina laini kuu moja, laini ya kupishania, kijilaini cha godauni, nyumba ya stesheni masta, tangi la maji, miembe, halafu pori la miombo pande zote. Ukijenga vitu hivyo tu na kuviachia nafasi ya kupumua, mtu aliyewahi kusafiri na treni hiyo ataitambua kabla hujamwambia.

Mwongozo huu ni wa ubao wa sentimita 180 kwa 40, uliokatwa vipande viwili vya sentimita 90 ili upite mlangoni na ulale juu ya kabati. Kipindi ni miaka ya 1960, enzi za Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, mvuke na dizeli zikiwa bado pamoja. Ukipenda kipindi kingine, vipimo havibadiliki; rangi za mabehewa ndizo zitakazobadilika.

Hatua ya 1: Kipimo kwanza, manunuzi baadaye

Reli ya Kati, iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914, ina geji, yaani upana kati ya reli mbili, ya milimita 1,000. Reli za mfano zinazouzwa kwa wingi duniani ni za geji pana ya milimita 1,435, kwa hiyo ukinunua seti ya kawaida ya 1:87 (kila kitu kimepunguzwa mara 87) yenye reli za milimita 16.5, treni yako itakaa juu ya reli pana kuliko inavyostahili. Reli ya mita huonekana hasa kwa jinsi behewa linavyoning'inia nje ya magurudumu pande zote mbili, na hilo ndilo utakalolipoteza.

Fanya hesabu ndogo: gawa 1,000 kwa geji ya reli unayoweza kuipata. Milimita 16.5 inakupa takriban 1:61. Milimita 12 inakupa 1:83, karibu kabisa na 1:87. Milimita 9 inakupa 1:111.

Tunachagua 1:87 juu ya reli za milimita 12, kwa sababu mbili. Ya kwanza, watu, baiskeli, magari na miti ya 1:87 hupatikana kuliko vya kipimo kingine chochote. Ya pili ni ujanja wa bei: tangu mwaka 2022 kampuni za reli za mfano za Hornby na Peco zinatengeneza bidhaa za TT:120, ambazo ni geji pana kwa kipimo cha 1:120, na geji yake ni hiyohiyo milimita 12. Reli zao, pointi zao (vipande vya reli vinavyohamisha treni kutoka laini moja kwenda nyingine) na chasi zao zinakufaa. Taruma (kipande kinacholazwa kukingama chini ya reli) la TT:120 lina urefu wa milimita 21 hadi 22. Katika 1:87 hiyo ni karibu mita 1.9, urefu unaoingiana na reli ya mita. Kinachokataa ni nafasi kati ya taruma na taruma, kwani yamesongamana mno. Dawa yake iko Hatua ya 4.

Kichwa cha treni cha kwanza kisiwe cha mvuke. Vichwa vya daraja la 31 vya Vulcan Foundry, vyenye mpangilio wa magurudumu 2-8-4 (mawili mbele, manane ya kuendesha, manne nyuma), ni vizuri mno, lakini chasi yake utaichonga mwenyewe na itakula mwaka mzima. Anza na dizeli ndogo ya kushanti, yaani ya kupangapanga mabehewa stesheni: chasi ya TT:120 yenye magurudumu sita, na bodi ya 1:87 iliyochapwa kwa mashine ya 3D au kukatwa kwenye plastiki ya milimita 1. Kichwa kitakuwa na urefu wa milimita 110 hivi.

Hatua ya 2: Pima treni kabla ya kuchora laini

Laini ya kupishania ya kweli ina mamia ya mita. Mita 400 tu ni mita 4.6 katika 1:87, na hiyo huna. Kwa hiyo usipunguze stesheni. Punguza treni, kisha stesheni ifuate treni.

Behewa refu la bogi (lenye kigari cha magurudumu manne kila mwisho) lenye mita 12 linakuwa milimita 140. Behewa la zamani la magurudumu manne lenye mita 7 linakuwa 80. Behewa la gadi, 100. Treni ya kichwa kidogo, mabehewa matatu ya bogi na gadi inafika milimita 630. Ukibadilisha kichwa siku za mbele ukaweka cha milimita 200, ni 720. Basi nafasi huru ya laini ya kupishania iwe sentimita 75, na usiongeze behewa la nne hata ukilitamani.

Neno "huru" lina uzito hapo. Laini mbili zinapoachana kwenye pointi, kwa sentimita kadhaa huwa karibu mno kiasi kwamba behewa lililosimama litakwaruzwa na linalopita. Weka mabehewa mawili sambamba, yasogeze kuelekea pointi mpaka kidole kisipite kati yao, kisha tia alama. Nafasi huru inaanzia kwenye alama hiyo, wala si kwenye pointi. Wachoraji wengi hupima kutoka pointi hadi pointi, na siku ya kwanza ya kuendesha hugundua kwamba treni yao ina behewa moja la ziada.

Ukitembea kutoka kushoto, upande wa Tabora, ubao unagawanyika hivi: sentimita 15 za kuingilia, 18 za pointi, 12 za kuachana, 75 huru, 12 za kukutana, 18 za pointi, 30 za kutokea kuelekea Kigoma. Jumla ni 180. Pointi za mtengenezaji wako zikiwa ndefu zaidi, punguza zile 30 za mwisho, kamwe usiguse zile 75.

Kijilaini cha godauni kinatoka kwenye laini ya kupishania. Pointi yake ikae kati ya sentimita 55 na 73, na laini iende kulia hadi kwenye bafa (kizuizi cha mwisho wa reli) karibu na sentimita 138. Mabehewa matatu ya bogi yataingia na nafasi kidogo itabaki. Ukitazama vizuri utaona kwamba hakuna pointi iliyo ndani ya sentimita 10 za kiungo cha mbao, pale kwenye 90. Pointi iliyolala juu ya kiungo huharibika mara ya pili au ya tatu ubao unapobebwa.

Mpangilio huu unazaa kazi nzuri ya kushanti. Treni inayotoka Kigoma ina kichwa upande wa kushoto, kwa hiyo inarudi nyuma na kusukuma behewa lake godauni moja kwa moja. Inayotoka Tabora ina kichwa upande wa kulia. Kichwa hicho lazima kiachane na mabehewa, kizunguke kwa laini kuu, kije nyuma yake ndipo kisukume. Laini tatu, pointi tatu, na fumbo la kukukunisha kichwa.

Chora yote haya kwa ukubwa halisi kwenye karatasi za kufungia. Peco huweka michoro ya pointi zao kwenye tovuti yao. Ichape bila kuipunguza, pima kwa rula uhakikishe printa haikukudanganya, kisha ipange sakafuni pamoja na mabehewa au maboksi yaliyokatwa kwa vipimo vyake. Iache hapo siku mbili. Makosa ya karatasi hayagharimu kitu.

Usiye na nafasi ya sentimita 180 unaweza kujenga kwenye 120 kwa mpango wa Alan Wright unaoitwa Inglenook Sidings: pointi mbili, laini tatu zinazobeba mabehewa matano, matatu na matatu, na mabehewa manane kwa jumla. Kazi ni kuunda treni ya mabehewa matano kwa mpangilio uliotolewa kwa kura. Mipangilio inayowezekana ni 6,720. Tumia mabehewa ya magurudumu manne pekee, maana ya bogi hayatatosha.

Hatua ya 3: Upana, na wapi pa kuacha wazi

Kwa vipimo vya katikati ya ubao, kuanzia ukingo wa mbele: kijilaini cha godauni kiwe sentimita 14, laini ya kupishania 19, laini kuu 24. Kisha jukwaa na nyumba ya stesheni hadi 34, na sentimita 6 za mwisho ni za miti na anga.

Usilaze laini sambamba na ukingo. Ziinamishe kidogo, laini kuu ianze 21.5 upande wa kushoto na kumalizikia 26.5 kulia. Tofauti ni sentimita 5 tu, lakini bila mwinamo huo ubao huonekana kama rafu yenye reli juu yake. Godauni linakaa mbele kulia, pale penye nafasi iliyoongezeka, na linaficha tundu la treni kutokea. Upande wa kushoto tundu linafichwa na mwembe mmoja mkubwa. Katikati mbele, kati ya sentimita 20 na 75, usiweke chochote zaidi ya ardhi, kinjia cha miguu na majani makavu. Hapo ndipo macho yatakapopumzika na treni itakapoonekana yote. Kila rafiki atakayeupita ubao atakupendekezea kitu cha kupaweka. Kataa.

Nje ya ubao, kila upande, ning'iniza kisanduku cha treni: ubao wa sentimita 80 kwa 10 wenye reli moja na kingo, unaofungwa kwa bolti mbili. Treni inaingia humo, unakiinua chote na kukigeuza au kuleta kingine.

Hatua ya 4: Mbao na reli

Uso wa plaiwudi wa milimita 6 juu ya fremu ya plaiwudi ya milimita 9 iliyokatwa vipande vya upana wa milimita 70, na vikingamo kila sentimita 30. Toboa vikingamo tundu la milimita 20 kwa ajili ya nyaya kabla ya kuvifunga. Paka vanishi pande zote mbili za plaiwudi. Ukipaka upande wa juu peke yake, upande wa chini utanyonya unyevu na ubao utapinda kama upinde. Pwani hilo hutokea ndani ya msimu mmoja wa masika. Vipande viwili viunganishwe kwa bolti mbili za M8 na pini mbili za chuma zinazobana barabara. Bolti hushika, lakini pini ndizo zinazorudisha reli mahali pake kila unapofunga.

Chini ya reli weka sponji ngumu ya EVA ya milimita 2, ile inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya shule. Tuta la stesheni ya kijijini ni la chini. Usiliinue kama la reli ya mwendokasi. Kijilaini cha godauni kisiwe na sponji kabisa, kilale juu ya plaiwudi ili kionekane kimezama. Pale kinapoachana na pointi, shusha taratibu kwa vipande vya kadi kwa sentimita 15.

Sasa mataruma. Geuza reli chini juu, kata viunganishi vya plastiki kati ya mataruma kwa kisu, kisha yasogeze hadi katikati ya taruma moja na jingine kuwe na milimita 8. Tumia kipande cha plastiki chenye upana sahihi kama kipimo badala ya kukisia kwa jicho. Mataruma mengi ya reli zetu yalikuwa ya chuma, kwa sababu mchwa hula mbao, kwa hiyo rangi yake ni kutu iliyofifia kwa vumbi, si hudhurungi ya mbao wala nyeusi ya lami.

Bandika kwa gundi nyeupe ya mbao. Gundi ya fundi viatu inashika haraka zaidi, ila inayeyusha sponji nyeupe za kufungia bidhaa, na haikupi muda wa kunyoosha laini. Nyoosha kwa kuinamisha jicho usawa wa reli; rula hudanganya. Mapindo yote yanayoonekana yawe na nusu kipenyo cha sentimita 90 au zaidi. Kwenye kila kiungo cha reli acha nusu milimita kama unafanya kazi asubuhi yenye ubaridi. Ukizibana kabisa, saa nane mchana chini ya bati zitanyanyuka.

Kwenye kiungo cha mbao, skrubu kipande cha ubao wa saketi wenye shaba kila upande, lehemu reli juu yake, ndipo ukate reli kwa msumeno mwembamba. Shaba ya kipande hicho ikate katikati kwanza. Ukisahau, reli mbili zitaungana na umeme utapiga shoti.

Hatua ya 5: Umeme

Hitilafu nyingi zinazolaumiwa kwenye kichwa cha treni ni za waya.

Kila kipande cha reli kipate waya wake wa 0.5 mm² uliolehemiwa, unaoshuka kwenye waya mkuu wa 1.5 mm² chini ya ubao. Viunganishi vya reli ni vya kunyoosha reli, usivitegemee kupitisha umeme; baada ya miezi sita ya vumbi huacha. Nyekundu iwe ya reli ya mbele siku zote, nyeusi ya nyuma. Tumia lehemu yenye rozini ndani. Tindikali ya fundi bati italehemu vizuri leo, kisha itakula waya.

Kwenye pointi angalia moyo wake, pale reli mbili zinapokatana. Moyo wa plastiki haupitishi umeme, na kichwa kifupi cha magurudumu sita kinachotembea polepole kitakwama hapo kila mara. Nunua pointi zenye moyo wa chuma na ulishe kwa swichi inayogeuka pamoja na pointi. Ukifanya hivyo, weka viunganishi vya plastiki kwenye reli mbili zinazotoka moyoni, la sivyo laini ya kupishania italishwa kutoka pande mbili zinazopingana.

Kidhibiti hakihitaji kuwa cha dukani. Adapta ya volti 12 yenye ampea 1 hadi 2, saketi ya kudhibiti mwendo wa mota, na swichi ya kugeuza pande hupatikana Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, kwa mafundi wa redio. Ongeza fyuzi ya ampea 1. Kama mota ya kichwa chako ni ile isiyo na kiini cha chuma, tafuta saketi ya kilohezi 15 kwenda juu. Zile za masafa ya chini huichemsha. Gawa laini ya kupishania, laini kuu na godauni kwa swichi ili treni moja isubiri wakati nyingine inapita.

Endesha wiki nzima kabla ya kuweka punje ya udongo. Behewa linaloanguka mahali pamoja lina tatizo la reli. Linaloanguka popote lina tatizo lake lenyewe, na mara nyingi ni wepesi. Behewa la bogi liwe na gramu 80, la magurudumu manne 55. Uzito uwekwe chini kabisa, juu ya sakafu ya behewa. Chubwi za wavuvi zinafaa. Kaplingi (viunganishi vya behewa na behewa) zote ziwe za aina moja na kimo kimoja.

Hatua ya 6: Ardhi

Udongo halisi ndio rangi bora, na ni bure. Chukua ndoo ndogo, uchekeche kwa kichujio cha chai, kisha kwa soksi ya nailoni. Ukaange kwenye kikaango kikuukuu dakika 20 ili kuua mbegu na wadudu. Halafu pitisha sumaku kubwa mara nyingi: udongo wetu mwekundu una chembe za chuma, na chembe hizo hukimbilia kwenye mota. Hatua hii ikirukwa, kichwa kitakufa polepole na hutajua kwa nini.

Gundi nyeupe sehemu moja kwa maji sehemu tatu, na tone la sabuni ya vyombo. Nyunyizia maji ya sabuni kwanza, ndipo udondoshe gundi. Udongo ukikauka na gundi unazidi kuiva rangi, kwa hiyo jaribu kwenye kipande cha mbao na uchague udongo mweupe kuliko unavyodhani.

Kokoto za kweli za milimita 40 hadi 60 zinakuwa nusu milimita hadi milimita 0.7. Mchanga wa mto uliochekechwa unatosha. Mchanga wa bahari usiuguse, chumvi yake itaozesha reli. Laini kuu iwe na kokoto safi kiasi. Laini ya kupishania, kokoto iliyochanganyika na udongo. Godauni, udongo mtupu na majani yakiota katikati ya mataruma.

Miti ya miombo ya mita 10 hadi 15 ni milimita 115 hadi 170. Mizizi mikavu ya magugu, ikigeuzwa juu chini, ina matawi mazuri kuliko waya. Ivalishe majani ya sponji iliyosagwa na kupakwa rangi. Mwisho wa kiangazi miombo huchipua majani mekundu kabla ya mvua. Mti mmoja au miwili hivyo inatosha, kumi itaonekana bustani. Mwembe ni tofauti: kivuli chake ni kizito, cheusi, cha duara, na ardhi chini yake haina nyasi bali imefagiliwa.

Hatua ya 7: Majengo

Nyumba ya stesheni ya mita 9 kwa 5 ni milimita 103 kwa 57. Ukuta milimita 34, mlango 24, baraza 21. Jukwaa ni la udongo lenye ukingo wa mawe, milimita 3 hadi 4 tu juu ya ardhi. Abiria hupanda behewa kwa ngazi, wala hawavuki kama wanaingia sebuleni. Godauni mita 15 kwa 7 ni milimita 172 kwa 80, na ukingo wake ukae milimita 20 kutoka katikati ya reli. Tangi la maji liwe na miguu ya milimita 57.

Bati ndilo linalouza jengo. Migongo ya bati la kweli iko kila milimita 76, yaani 0.87 katika kipimo chetu, na uzi wa bolti ya M5 una hatua ya 0.8. Kata karatasi ya alumini ya vyombo vya chakula, ilaze juu ya soli ya kandambili, kisha viringisha fimbo ya M5 yenye uzi juu yake ukikandamiza sawasawa. Uzi huzunguka kwa mshazari, kwa hiyo migongo itakuwa imeinama kama digrii 3: kata mabati ukifuata migongo, usifuate ukingo wa karatasi. Kila bati liwe milimita 7.6 kwa 28 hadi 34. Yapange kutoka chini kwenda juu, yapandane milimita 2, na moja au mawili yawe na rangi tofauti kidogo, kama yaliyobadilishwa baada ya upepo. Kutu huanzia kwenye misumari na maungio; ukilipaka bati zima kutu litaonekana limechovywa.

Watu ni milimita 19. Sita au saba wanatosha siku isiyo na treni ya abiria: stesheni masta barazani, wawili chini ya mwembe, mama mwenye beseni, wapakizi godauni.

Hatua ya 8: Kuendesha

Paza ubao hadi sentimita 120 kutoka sakafuni. Ukitazama kutoka juu unaona ubao. Ukitazama usawa wa jicho unaona stesheni.

Andika kadi moja kwa kila behewa: tumbaku kwenda Tabora, mbolea kuja godauni, tupu kurudi. Changanya, chomoa tatu, na treni ya mizigo inayotoka kwenye kisanduku cha kushoto itimize kadi hizo kabla treni ya Kigoma haijaomba njia. Laini moja haibebi treni mbili, kwa hiyo tengeneza tokeni ya waya yenye pete, moja tu, ya kutundika msumarini. Mwenye pete mkononi ndiye anayeruhusiwa kuingiza treni. Wakiendesha wawili, mmoja Tabora na mmoja Kigoma, kushanti godauni kunachukua dakika 15 hadi 20, na aliyesahau kuacha laini kuu wazi atalazimika kurudisha kila kitu nyuma huku mwenzake akisubiri na pete yake.